Batri ya pili kwenye gari: chagua kwa mahesabu, si kwa macho

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana garajini. Kamio ya volti 24 ina batri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Hizo mbili zinafanya kazi ya batri moja. Mfumo wa batri mbili ni kitu kingine: moja ya kuwasha moteri tu, nyingine ya kulisha frigo, taa na simu gari likiwa limezimwa. Shofere anayelala kwenye foleni ya Kasumbalesa anauhitaji, na vilevile timu inayokaa siku tatu porini ng'ambo ya Kolwezi.

Usiku mmoja unakula kiasi gani

Andika kila chombo kinavuta ampea ngapi, zidisha kwa saa. Frigo ndogo ya lita 40 huvuta kama ampea 4 kompresa ikizunguka, na kwenye joto la mwezi wa 10 kompresa huzunguka karibu nusu ya muda. Usiku wa saa 14, toka jioni hadi asubuhi, ni 28 Ah (ampea mara saa). Taa ya LED ya wati 6 kwa saa tano ni 2.5 Ah. Simu mbili, kama 4 Ah. Jumla karibu 35 Ah.

Batri ya risasi haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo 35 inakuwa 70. Ongeza akiba ya uzee: nunua ya 100 Ah. Ya lithiamu inaruhusu kutumia hadi asilimia 80, hivyo 60 Ah inatosha kwa kazi ileile.

Aina gani

Batri ya kawaida ya gari ina bamba nyembamba nyingi. Imetengenezwa itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Ukiinyonya hadi nusu kila usiku, itakufa kwa miezi michache, hata kama ni mpya na ya bei kali. Ya pili iwe ya bamba nene, kama zile ambazo maduka ya solari huwauzia watu waliochoka kusubiri umeme wa SNEL.

Hapo kuna mtego wa jeli. Batri ya jeli, ya risasi yenye asidi iliyogandishwa kama ute, hutaka kujazwa kwa volti 14.1 au 14.2 hivi, na alternata nyingi hutoa 14.4. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mapovu hujitenga ndani ya jeli, bamba zinakosa mguso, na hali hiyo haijirudi. Ileile iliyodumu miaka nyumbani huharibika haraka garini.

AGM, ya risasi ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi: haimwagiki, inastahimili mtikisiko wa barabara ya udongo, inakubali 14.4 hadi 14.7. Isikae chini ya kapo karibu na moteri. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya batri ya risasi karibu nusu.

Ya maji ni rahisi kwa bei, ila ikijazwa hutoa hidrojeni. Usiiweke kamwe kwenye kabini unamolala. Na kiwango kikishuka, ongeza maji ya batri yasiyo na chumvi, si asidi. Kilichopotea ni maji, asidi imebaki ndani. Ukiongeza nyingine unaunguza bamba.

Lithiamu ya aina ya LiFePO4 ni nyepesi, 100 Ah ina kama kilo 12, lakini usiiunge moja kwa moja na ya risasi. Inavuta chochote alternata inachotoa, na alternata inaweza kuungua. Usiitumie kuzungusha demarere pia: sakiti ya ulinzi iliyo ndani hukata mkondo mkubwa.

Alternata ndiyo yenye neno la mwisho

Washa moteri, iache ipate joto, pima volti kwenye batri kuu. Zikikaa kati ya 14.1 na 14.5 hata baada ya nusu saa ya mwendo, na batri zote mbili ni za risasi, rilei ya volti, swichi inayounga na kutenganisha batri mbili yenyewe, inatosha. Inaunga kwenye 13.3 hivi na kutenganisha karibu na 12.8. Zikishuka hadi 13 na kitu, alternata inaongozwa na kompyuta ya gari, na rilei itakuachia batri ya pili nusu tupu kila siku. Weka chaja ya DC-DC, inayopandisha volti za alternata hadi zinazotakiwa na batri ya pili. Kwa AGM ya 100 Ah, ya ampea 25. Lubumbashi hadi Likasi, kilomita kama 120, haitaijaza kikamilifu baada ya usiku mzito, maana sehemu ya mwisho hujaa polepole. Ukifika Kolwezi itakuwa imejaa.

Dukani

Nenda na multimita na mizani. Batri ya kweli ya risasi ya 100 Ah ina kilo 25 hadi 30. Yenye kilo 15 imebandikwa karatasi ya uongo, na muuzaji akikasirika ukiipima, umeshapata jibu. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa sana rafuni, iache. Za okazioni tusizungumze.

Kwa mwenye kamio ya volti 24

Usichomoe volti 12 kwenye batri moja kati ya mbili ili kulisha redio au frigo. Batri hiyo hubaki na njaa, mwenzake anajazwa kupita kiasi hadi anachemka, na mwisho unanunua zote mbili ukidhani ni mbovu za kiwandani. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12, au frigo inayokubali 24.

Waya

Kwa chaja ya ampea 25 na umbali wa mita 5, tumia shaba ya 16 mm², pamoja na hasi yake. Waya wa spika utapoteza volti na kupata moto. Fyuzi ya ampea 40 iwe kwenye chanya ya kila batri, si zaidi ya sentimita 20 kutoka nguzo: batri zote mbili zinaweza kulisha shoti. Funga batri kwa chuma, si kwa kamba.

Asubuhi ya kwanza, zima kila kitu, subiri saa moja, pima. AGM ya 100 Ah iliyotoa 35 isome karibu 12.4. Ikiwa chini ya 12.2, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku multimita ikipima ampea, hadi umkamate anayekula usiku.