Kufumua gia boksi ya Hilux ya zamani (G52): soma hapa kabla hujaniuliza

Msimu wa korosho ukikaribia, swali ni lile lile: "Fundi, gia boksi inalia, nifumue au ninunue ya mtumba?" Nimelijibu kwa watu wa Newala, Masasi, Tandahimba na hapa hapa Mtwara mjini mpaka nimechoka. Naandika mara hii moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Gari ninalolizungumzia ni Hilux ya dizeli, injini ya aina ya 3L, gia boksi ya aina ya G52, ya kusukuma magurudumu ya nyuma tu. Mwenye Corolla ya kuvuta mbele asinifuate neno kwa neno, ndani mpangilio ni mwingine.

1. Sikiliza kabla hujashika spana

Nimeshaletewa gia boksi zilizoshushwa bure, ugonjwa ulikuwa klachi. Washa injini, gari likiwa limesimama, gia iwe frii. Ikilia huku mguu hauko kwenye klachi, na ukikanyaga inanyamaza, tatizo liko ndani ya gia boksi, mara nyingi beringi ya shafti ya klachi (ile inayoingiza nguvu kutoka kwenye klachi). Ikilia unapokanyaga, hiyo ni beringi ya rilizi, ile inayosukuma klachi iachie. Gia zote zikiwa ngumu injini inapowaka, halafu zinaingia vizuri ikizimwa, klachi haiachii. Ikikwaruza kwenye gia moja tu, tuseme ya pili, pete ya sinkronaiza imelika, ile pete ya njano inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia. Gia ikichomoka unapoondoa mguu kwenye mafuta, tazama meno ya gia hiyo, foku (uma unaosogeza gia) na springi zake.

2. Fungua bolti ya kujazia oili kwanza, ndipo ya kumwagia

Ya kujazia ikigoma wakati umeshamwaga, gari haliendi popote.

3. Tazama oili

Unga mwembamba wa njano ni pete zinazolika, jambo la kawaida kwa gari la umri huu. Vipande vya chuma kwenye sumaku ni meno au beringi. Ukikuta jino zima limevunjika kwenye shafti ya chini (ile iliyo chini ya shafti kuu), acha kufumua, tafuta ya mtumba.

4. Shusha

Toa waya za betri, propela shafti, silinda ya chini ya klachi, stata, kikalio cha gia boksi. Jeki iwe chini ya gia boksi mpaka mwisho. Usiiache ikaning'inia kwenye pleti ya klachi, utaipinda.

5. Fumua

Gia zote zimeshikwa na pleti ya katikati. Funga bolti ndefu kwenye pleti hiyo, kisha bana bolti kwenye vaisi. Usibane pleti yenyewe, ni aluminiamu.

6. Gololi, springi na pini za rodi za foku

Hapa nakuomba utulie. Ndani ya pleti ya katikati kuna gololi na springi zinazoshikilia gia isichomoke. Kati ya rodi na rodi (vyuma virefu vinavyobeba foku) kuna pini ndogo, fupi kuliko ncha ya kidole. Kazi ya pini ni moja: rodi moja ikisogea, inazizuia nyingine. Bila pini, gia mbili zinaweza kuingia kwa pamoja, na gia boksi inajifunga.

Mwaka 2017 niliosha pleti kwa dizeli ndani ya karai, nikamwaga dizeli kwenye mchanga nyuma ya gereji. Pini ilikuwa mle. Nilipofunga sikuhesabu. Gia ziliingia vizuri sana, nikakabidhi gari. Siku ya nne mwenye gari alikuwa anapandisha kwenda Newala na magunia ya korosho. Akatoka ya pili kwenda ya tatu, magurudumu ya nyuma yakakaza papo hapo. Alikuwa kwenye mwendo mdogo na nyuma yake hapakuwa na gari, ndiyo maana leo tunasalimiana. Nililipia kulivuta gari, nikafumua upya kwa gharama yangu. Lile karai bado ninalo, na siku hizi simwagi kitu bila kukichuja kwa kitambaa.

Kwa hiyo: piga picha kila hatua. Kila rodi iwe na kopo lake pamoja na gololi, springi na pini yake. Hesabu unapotoa, hesabu unaporudisha. Kabla hujafunika kava, ingiza gia moja kwa mkono kisha jaribu kusogeza rodi nyingine. Ikisogea, kuna pini haipo. Usifunike.

7. Pima pete

Kandamiza pete ya sinkronaiza kwenye gia yake, pitisha fila geji (bapa nyembamba za kupimia nafasi) katikati. Nafasi ikiwa chini ya milimita 0.8, badilisha. Ukibadilisha beringi na kuacha pete zilizolika, utashusha tena kabla ya mwaka kwisha.

8. Rudisha

Sili mpya zote. Weka katikati pleti ya klachi kwa shafti ya kupangia. Gia boksi iingie kwa mkono mpaka ikae. Ukiivuta kwa bolti utavunja masikio ya nyumba ya klachi.

9. Oili

Oili ya gia, uzito wa 75W-90, daraja la GL-4. Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa.

Maswali

Masasi: Fundi gia haziingii, nifanyeje?

Hujasema gari gani, gia ipi, wala injini ikiwa imewashwa au imezimwa. Hatua ya kwanza inasema yote hayo. Soma kisha urudi.

Masasi: Samahani kaka. Ni Hilux. Gia zote, na ikizimwa zinaingia.

Sasa tunaelewana. Usishushe kitu. Angalia kikombe cha mafuta ya klachi, halafu inua mpira wa silinda ya chini. Kukiwa na majimaji ndani, sili zake zimekwisha.

Nachingwea: Shikamoo fundi. Nasoma ufundi wa magari VETA. Ya baba inalia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, lakini ya nne inatulia. Kwa nini?

Marahaba mwanangu, umesikiliza vizuri kuliko mafundi wengi. Kwenye gia boksi hii, gia ya nne inaunganisha shafti ya klachi moja kwa moja na shafti kuu. Shafti ya chini bado inazunguka, lakini haibebi mzigo. Gia nyingine zote zinapitisha nguvu huko chini. Kwa hiyo shuku beringi za shafti ya chini. Mkifumua, mwombe baba akuache uzitoe wewe.

Tandahimba: Fundi wetu anaweka GL-5 na magari yanatembea. Wewe unatutisha tu.

Simtishi mtu. GL-5 imetengenezwa kwa difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Dawa zilizochanganywa humo kwa wingi zinaweza kula metali ya njano ya pete, na ute wake unafanya pete ziteleze badala ya kushika. Gari litatembea, ndiyo. Muulize ni mangapi yamerudi yakikwaruza gia ya pili.

Mingoyo: Yangu oili imekuwa nyeupe kama uji. Nilivuka maji bondeni Lukuledi.

Maji yamepita kwenye pumulio, lile tundu dogo juu ya gia boksi. Ikiwa ya moto ikaingia kwenye maji baridi, inavuta. Mwaga leo, usingoje Jumamosi. Weka oili ya bei nafuu, tembea kilomita chache, mwaga, kisha weka nzuri. Halafu unganisha mpira kwenye pumulio uupandishe mpaka karibu na boneti.

Lindi mjini: Na beringi mpya inayokataa kuingia kwenye shafti? Mimi huwa napiga nyundo.

Usipige. Pigo la nyundo likipita kwenye gololi za beringi, beringi imeshaharibika kabla haijafanya kazi. Iweke kwenye oili ya moto ndani ya sufuria, iwe imening'inizwa kwa waya isiguse chini. Oili ikianza kutoa moshi umepitiliza.

Lindi mjini: Sisi hapa feri tuna barafu ya samaki. Nikiigandisha shafti?

Hilo sikuwahi kulijaribu na ni wazo zuri. Ifunge shafti kwenye nailoni kwanza isipate maji ya chumvi, iache usiku mzima, uifute kabla hujapandisha beringi. Ukifanya, niambie ilivyokwenda.