Somo: Picha inachanika kwenye Xorg (programu inayoonyesha madirisha kwenye Linux), tuanzie wapi?

Unatazama mpira kwenye kompyuta. Kamera ikimfuata winga, mstari wa pembeni mwa uwanja unakatika vipande viwili: cha chini kimeshasogea, cha juu bado. Kioo chako ni kizima. Kioo cha Hz 60 huchora picha kila milisekunde 16.7, kuanzia juu kushuka chini. Fremu (picha moja kati ya zinazofuatana) ikibadilishwa kabla hakijamaliza, unaona nusu ya zamani na nusu mpya.

Kwanza fungua teminali:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ikijibu wayland (mfumo mpya unaochukua nafasi ya Xorg), hatua za chini si zako. Huko kompozita (programu inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja) ndiyo hupeleka fremu ikiwa imekamilika. Ikijibu x11, yaani Xorg, endelea.

Pili:

glxinfo | grep -i renderer

Ukiona llvmpipe, simama hapo hapo. Prosesa ndiyo inachora kila kitu na kadi ya picha imelala, kwa hiyo shughulikia draiva kwanza. Hatua hii niliiruka, ikanila jioni mbili.

Tatu, kwa wenye Intel na draiva yake ya intel, washa TearFree, kinga ya kuchanika, kwa kutengeneza faili /etc/X11/xorg.conf.d/20-intel.conf:

Section "Device"
  Identifier "Intel"
  Driver "intel"
  Option "TearFree" "true"
EndSection

Wa AMD, andika amdgpu kwenye Driver. Hakikisha draiva imesakinishwa, la sivyo utawasha ukutane na giza. Likikukuta, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, futa faili hilo, washa upya.

MASWALI

— Mkuu, kuchanika kumeisha ila mausi imekuwa nzito.
Fremu sasa zinasubiri zamu, kuchelewa kidogo hakukosi. Ila kama picom (kompozita ya Xorg) nayo umeiwekea vsync (fremu kusubiri kioo), zima moja. Foleni mbili za nini?

— glxgears (jaribio dogo la picha) inanipa fremu 60 tu kwa sekunde. Kadi mbovu?
Hapana dada, inafuata kioo. Kwa Mesa (draiva huria za picha) jaribu vblank_mode=0 glxgears, namba itapaa. Usiitumie kujisifia kadi, ile si mizani.

— Nina vioo viwili, cha 60 na cha 144. Kimoja kinagugumia.
Xorg huvishona vyote kuwa turubai moja, na kompozita nyingi hufuata mdundo wa kioo kimoja. Kama cha 144 kinakubali 120, kishushe kwa xrandr (amri ya kupanga vioo), maana 120 inagawanyika kwa 60. Kikigoma, hamia Wayland tu kaka.