Kabla hujalipanga dirisha la duka, toka nje kwanza

Skukuu ikikaribia, mtaa wa Mchangani hapa Unguja mjini utaona kila duka wanatundika na kushusha, na wengi wanapanga dirisha wakiwa wamesimama ndani, kwa macho ya mwenye duka. Mteja yuko njiani. Kwaiyo kabla hujagusa hata henga moja toka nje, nenda mpaka pale watu wanapotokea, alafu rudi polepole kama mpita njia na uangalie kitu gani kinaanza kukuingia machoni.

Kwa Mji Mkongwe hili mimi naliweka mbele ya yote mana vichochoro vyetu vyembamba, hakuna anaeliona dirisha lako kwa mbele kama anaangalia tivii, analiona kwa ubavu huku anatembea na akifika usawa wake keshapita. Mdoli ukiuweka unatazama ukuta wa jirani mtu anaona bega tu. Ugeuze kidogo uelekee kule wanakotoka watu, kama wengi wanatokea sokoni Darajani basi uelekee Darajani, na nguo nzuri kuliko zote iweke ule upande wa dirisha wanaoufikia mwanzo. Kule Pemba, Chake au Wete kwenye njia kuu mambo mengine, wengi wanapita na gari au bodaboda, hapo weka vitu vikubwa, vichache, na rangi moja ya kushika jicho, vitu vidogo vidogo havionekani kabisa.

Angalia pia saa. Mchana nje kunakuwa na mwangaza mkali kuliko ndani, kioo kinamrudishia mtu sura yake na kile ulichokipanga hakionekani. Wengi wanatia pazia jeusi nyuma wakidhani ndo linapendezesha, kumbe giza la nyuma linazidisha huko kung'ara. Tia kitambaa cheupe au rangi ya maziwa na uwashe taa hata mchana. Kivuli cha turubai juu ya dirisha kinasaidia sana, lakini kwa walioko Mji Mkongwe kabla ya kutoboa ukuta, kupanua dirisha au kutundika kibao kaulize kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tokea mwaka 2000 na sura ya nje ya jengo haibadilishwi bila ruhusa. Na iwe hivyo, milango na baraza zile zile ndo zinazotuletea wageni.

Jua nalo lina zamu zake. Wakati wa kusi, kati kati ya mwaka, jua liko kaskazini yetu, dirisha linalotazama kaskazini ndo linaloungua, na Disemba Januari ni zamu ya linalotazama kusini. La magharibi linapigwa kila alasiri mwaka mzima. Ujue dirisha lako linatazama wapi kabla hujaamua nini kikae muda mrefu, mana kitambaa kikipauka upande mmoja hukiuzi tena.

Sasa mzigo wenyewe. Usitie duka zima dirishani, chagua jambo moja. Kama ni kanga, ikunje hivi: pindo lionekane, kipande cha mji, ile sehemu ya kati, kionekane, na jina, yale maneno yalioandikwa, lisomeke lote bila kukatwa na mkunjo, usawa wa macho ya mtu mzima aliesimama. Mama anaenunua kanga anasoma jina, akilipenda anaingia kuuliza doti bei gani, ukilificha jina hana cha kumsimamisha. Kofia za kiua vilevile, anaejua kofia anataka kuona vile vitundu na uzi wake, kwaiyo ziwe karibu na kioo, sio rafu ya juu. Baibui jeusi linataka taa nyeupe ndo nakshi zionekane, taa ya njano inalizamisha. Na baadhi ya wateja wetu hawapendi mdoli wenye sura, usio na uso unatosha, hata ushungi unakaa vizuri.

Andika bei. Najua wengi hawataki kwa sababu ya kupatana, lakini walau kitu kimoja kiwe na bei inayosomeka, mana mwenyeji akiona dirisha limependeza na hakuna bei anasema hili duka la watalii, anapita.

Kwa Ramadhani usingoje kumi la mwisho, dirisha liwe tayari Shaaban haijaisha, na ulijaribu usiku baada ya tarawehe mana ndo wakati watu wanatoka kununua nguo za watoto. Uwe na taa ya kuchaji umeme ukikatika.

Mengine madogo: kioo kifutwe kila asubuhi, upepo wa bahari unaacha chumvi. Pini za chuma za kawaida ziache, unyevu wa masika unazitia kutu na kanzu nyeupe ikishapata doa la kutu ndo basi, tumia vibanio vya plastiki. Na kila unachotundika hakikisha saizi zake zipo stoo na kinaweza kutolewa bila kubomoa mpango mzima, mteja akisema nataka ile ya dirishani, apewe ile.