Unapeleka bidhaa nje? Sajili jina kabla mzigo haujaondoka

Wengi tunahangaika na vibali, cheti cha asili, usafiri, halafu lile jina lililoandikwa kwenye pakiti tunaliacha hivi hivi tu. Sasa sikia, alama ya biashara, yaani hilo jina likishasajiliwa, ulinzi wake unaishia mpakani. Ukisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, umelindwa Bara tu, hata Zanzibar hujafika, kule ni BPRA, wakala wao wa usajili, na unalipia upya.

Tuseme unauza iliki na mdalasini. Anza na Global Brand Database, hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO (Shirika la Dunia la Miliki Bunifu), ni bure, tafuta jina lako kwenye nchi unayotaka kuuza, kwenye daraja (kundi la bidhaa) la 30, ndo lenye viungo, kahawa, chai na asali. Likiwa na mwenyewe badilisha mapema, kabla hujachapisha lebo. Na majina ya "Viungo Bora vya Zanzibar" achana nayo, hayo yanaeleza bidhaa tu, utakataliwa.

Jina likiwa safi omba BRELA mtandaoni, na tarehe ya maombi itunze, maana Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda alama na uvumbuzi, unakupa miezi 6 ya kuomba kwenye nchi zingine wanachama na ukahesabiwa kama uliomba siku ile ile, hata kama katikati kuna mjanja kakuwahi. Ikipita bado unaweza kuomba, ila foleni unaanza upya. Wenzetu wa Kenya na Rwanda wanatumia mfumo wa Madrid, ombi moja nchi kibao, raha yao.

Kwenye wakala wa kule unakouza ndo watu wanalizwa. Akikwambia "niachie nitasajili mimi", kubali tu kama mwenye alama anaandikwa wewe, na kwenye mkataba wa usambazaji iandikwe kabisa kwamba jina ni lako. Kwa nini? TRIPS, mkataba wa miliki bunifu wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) wa tangu 1995, unataka nchi ziwe na utaratibu wa mwenye alama kuomba forodha izuie mzigo feki. Sasa kama mwenye alama ni yeye, na mmegombana bei, kontena lako mwenyewe linazuiwa kama feki! Mkataba wa Paris unakuruhusu kumpinga wakala wa hivyo, sawa, lakini hapo unalipa wakili wa nje huku mzigo unakula storeji bandarini.

BRELA usajili wa kwanza ni miaka 7, ukihuisha unapata 10. Weka rimainda kwenye simu.