Kugawanya kwatenioni: amua kwanza unagawanya kwa upande gani

Chukua kibiriti ukiweke juu ya sakafu ya baraza, picha ikitazama juu, urefu wake ukielekea kulia na kushoto. Kizungushe robo mzunguko palepale kilipolala, kisha kiinamishe robo mzunguko kwenda mbele yako: kitasimama wima. Kirejeshe kama kilivyokuwa, na safari hii anza kwa kukiinamisha, ndipo ukizungushe: kitaishia kimelala ubavu. Mizunguko ni ileile miwili, kilichobadilika ni upi uliotangulia. Kwatenioni ni nambari zinazoweza kubeba mizunguko ya namna hii, na ndiyo maana p mara q na q mara p, kwa kawaida, hazileti jawabu moja. Ninaowafundisha hapa Chake Chake hulikubali jambo hilo upesi katika kuzidisha, lakini wakifika kwenye kugawanya huchora mstari, wakaweka p juu na q chini kama walivyozoea tangu skuli ya msingi, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Kwatenioni huandikwa q = a + bi + cj + dk, ambapo a, b, c na d ni namba halisi. Kanuni za i, j na k zilimjia mwanahisabati William Rowan Hamilton tarehe 16 Oktoba 1843, alipokuwa akitembea kando ya mfereji mjini Dublin: i² = j² = k² = ijk = −1. Kutokana na hizo tunapata ij = k, jk = i na ki = j, na ukigeuza mpangilio alama nayo inageuka, yaani ji = −k, kj = −i na ik = −j.

Kinyume cha q katika kuzidisha ni ile kwatenioni ambayo ikizidishwa na q huleta 1, nasi tutaiandika q⁻¹. Kuipata si kazi. Kwanza andika mwenza wa q, ambaye ni q yenyewe iliyogeuzwa alama katika sehemu za i, j na k, huku sehemu halisi, yaani a, ikiachwa kama ilivyo: a − bi − cj − dk. Kisha jumlisha miraba ya sehemu zote nne, a² + b² + c² + d², na jumla hiyo tuiite N. Mwisho, gawanya kila sehemu ya mwenza kwa N. Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko mengine yote ni la mwanafunzi kugawanya kwa kipeuo cha pili cha N, kwa sababu amezoea kuona kipeuo hicho kikiitwa urefu. Hapa kinachotakiwa ni N yenyewe.

Tuchukue q = 1 + i + j + k. Mwenza wake ni 1 − i − j − k, na N ni 4, kwa hiyo q⁻¹ = (1 − i − j − k)/4. Hakiki kwa kuzidisha q na mwenza wake. Moja mara moja inatoa 1, na i, j na k, kila moja ikikutana na hasi yake, inaongeza 1, jumla 4. Vinavyobaki vinauana viwili viwili: −ij ni −k, lakini −ji ni k, na wengine ni vivyo hivyo. Ukiziweka upande wa pili utapata 4 ileile, maana yake ni kwamba kinyume ni kimoja tu na kinafanya kazi kushoto na kulia. Na kwa kuwa N ni jumla ya miraba ya namba halisi, haiwezi kuwa sifuri ila q yenyewe ikiwa sifuri. Kwatenioni nyingine zote zina kinyume.

Kinyume ni kimoja, lakini kugawanya ni kuwili. Swali “p kugawanya kwa q” linaweza kumaanisha: tafuta x ili xq = p, au tafuta y ili qy = p. Jawabu la kwanza ni x = pq⁻¹, na la pili ni y = q⁻¹p. Tuweke p = 2i pamoja na q yetu. Kwa upande wa kulia, 2i(1 − i − j − k)/4 inakuwa (1 + i + j − k)/2. Kwa upande wa kushoto, (1 − i − j − k)2i/4 inakuwa (1 + i − j + k)/2. Alama za j na k zimepishana, na majawabu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake.

Je, tofauti hiyo ina maana yoyote nje ya karatasi? Fikiria jahazi linalokwenda mrama katika mkondo wa Pemba, na tuseme q ni mkao wake kabla ya wimbi na p ni mkao wake baada ya wimbi. Mtu aliyesimama ufukweni, anayepima kwa kaskazini, mashariki na juu, akitaka kujua jahazi limezunguka vipi, hesabu yake ni pq⁻¹. Nahodha, anayepima kwa omo, ubavu na mlingoti wa chombo chake, hesabu yake ni q⁻¹p. Wanasimulia wimbi lilelile, kila mmoja kwa mhimili anaouona yeye. Sasa tazama tena majawabu yetu mawili: sehemu halisi ya yote mawili ni nusu. Katika kwatenioni ya mzunguko, sehemu halisi ni kosini ya nusu ya pembe. Kosini ya nyuzi 60 ni nusu, kwa hiyo wote wawili wanakubaliana kwamba chombo kimezunguka nyuzi 120, ila wanatofautiana juu ya mhimili. Sehemu halisi zikikataa kulingana, umekosea mahali.

Kinyume cha zao, yaani jawabu la kuzidisha, nacho hugeuza mpangilio: (pq)⁻¹ = q⁻¹p⁻¹. Aliyevaa kanzu kisha koti siku ya Idi huanza kuvua koti.

Kwa anayeandika programu, kwatenioni za mizunguko huwa na N = 1, hivyo kinyume ni mwenza tu na hakuna haja ya kugawanya. Lakini desimali hupotea kidogo kidogo kila unapozidisha, na baada ya hatua nyingi N haibaki 1. Hapo gawanya kwatenioni kwa kipeuo cha pili cha N, mahali pake halali pa kukitumia. Angalia pia kama programu inaandika sehemu halisi mwanzo au mwisho. Kisha iambie izidishe i kwa j: ikirejesha k, endelea kama ilivyoelezwa hapa, ikirejesha −k, walioitunga wameugeuza mpangilio wa kuzidisha, na pq⁻¹ utakayoiandika humo itakupa jawabu la q⁻¹p.