Somo: Chai ya Tangawizi na Karafuu Wakati wa Mafua

Kila mafua yakipamba moto naulizwa: tangawizi inaua virusi? Tuchemshe kwanza, jibu litakuja humohumo.

Hatua ya 1. Chukua tangawizi mbichi, kipande kama kidole gumba. Ya unga iache. Watafiti wa Taiwan walichapisha mwaka 2013 jaribio la tangawizi kwenye seli za njia ya hewa ya binadamu zenye virusi vya RSV, vile vinavyobana vifua vya watoto wachanga. Mbichi ilizuia virusi visishike seli, iliyokaushwa haikufua dafu. Lakini hizo ni seli kwenye vyombo vya maabara. Chai unayomeza hupita tumboni na kwenye ini kwanza, kwa hiyo jaribio hilo halitoshi kuiita dawa.

Hatua ya 2. Ioshe, iponde kwenye kinu, tia karafuu tatu nne, basi. Mafuta yake ni makali, ndiyo yanayotuliza jino.

Hatua ya 3. Maji vikombe vitatu. Yakichemka punguza moto, funika sufuria dakika kumi. Usipofunika, harufu yote inaishia jikoni, na mafuta ya karafuu yameondoka nayo.

Hatua ya 4. Chuja, iache ipoe kidogo, tia ndimu na asali. Asali ndiyo ninayoiamini zaidi hapa, maana imepimwa kwa watoto wenye kikohozi, si kwa seli tu. Haiui virusi, inatuliza koo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe kabisa.

MASWALI

Mama Pacha: Mwalimu, mbona nasikia kuna dawa ya mafua makali iliyotokana na kiungo?

Jibu: Umesikia sawa, dada. Ni oseltamivir. Malighafi yake, asidi ya shikimiki, ilitolewa kwenye kile kiungo cha China chenye umbo la nyota. Hofu ya mafua ya ndege ilipopanda mwaka 2005, kiungo hicho kikaadimika. Ila asidi yenyewe si dawa, hugeuzwa kiwandani kwa hatua kadhaa za kikemia. Ukichemsha nyota zako utapata chai tu. Na uzinunue kwa muuzaji unayemwamini, kwa sababu zipo za Japani zinazofanana nazo na zina sumu.

Kijana wa Tanga: Natumia ARV. Vidonge vya kitunguu saumu vina shida?

Jibu: Kitunguu cha kwenye mchuzi kula, mdogo wangu. Vidonge ni habari nyingine: utafiti mmoja Marekani ulikuta vimeshusha kiwango cha saquinavir, mojawapo ya ARV, kwenye damu kwa karibu nusu. Huenda wewe unatumia dawa nyingine, kwa hiyo muulize mhudumu wa kliniki yako kabla ya kumeza.

Bi Mkubwa: Inakaa kwenye friji?

Jibu: Siku mbili, bibi, ikiwa imechujwa. Ndimu uikamulie kikombeni.