Kabla ya kuhamia shambani Laikipia: mambo ya kuzingatia

Dalali mjanja hakupeleki Laikipia mwezi wa Februari. Atakuita Mei, nyasi zimefika magotini na Mlima Kenya unang'aa asubuhi, na kabla jua halijatua utakuwa umeshalipa arbuni. Kwa hivyo la kwanza kupanga ni tarehe ya safari. Nenda kiangazi kikiwa kimekolea, ukautazame kwa macho yako ule mto ulioambiwa hauko mbali. Mito mingi inayoteremka kutoka mlimani kuelekea mto Ewaso Ng'iro huchotwa sana na mashamba ya juu, na walio chini hubaki na mchanga.

Pili, uliza ni Laikipia ipi. Kaunti hii ina karibu kilomita za mraba 9,500. Nyahururu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300 karibu na Aberdare, watu hupanda viazi na kabichi. Doldol, upande ambao mlima umeukingia mvua, riziki ni mifugo. Mkulima wa huku hana ushauri wa kumpa mwenzake wa kule, ingawa gavana wao ni mmoja.

Hesabu ya maji ifanye kwenye karatasi, usiifanye kichwani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mahali panaponyesha milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki 48,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku humaliza 36,500 kwa mwaka. Hadi hapo mambo ni shwari. Ongeza ng'ombe mmoja wa maziwa, anywe lita 60 kwa siku, na tayari umepungukiwa na lita 10,000 na ushei, hata sukuma wiki hujamwagilia. Tena mvua haiji kwa mafungu sawa: kiangazi cha miezi minne kwa familia hiyo na ng'ombe wao kinataka tangi la lita 19,000 lililojaa siku mvua inapokatika. Ukiwaza kuchimba kisima, kuna mtaalamu wa kupima maji ya chini na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, vyote kabla mashine haijafika. Omba kwanza maji ya kisima cha jirani uyapeleke maabara. Ukanda huu una sehemu zenye floridi nyingi, na meno ya watoto yakishapata rangi ya kahawia hayarudi.

Kuhusu ardhi yenyewe, jua historia yake. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi zilichukua baadhi ya mashamba ya walowezi zikayagawa kwa wanahisa vipande vya ekari chache. Wengi hawakuhamia kamwe, kwa sababu ile ile ya maji. Vipande hivyo ndivyo vinavyouzwa leo, wakati mwingine kwa cheti cha hisa tu, ambacho si hatimiliki. Pekua rejista ya ardhi, kisha lipa mpimaji akuonyeshe mawe ya mipaka. Ukikuta boma au kondoo wa mtu ndani, usipuuze: aliyekaa waziwazi miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe na bila kuondolewa anaweza kwenda kortini kudai ardhi iwe yake. Tena, shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali hicho mauzo ni batili. Hili nawaambia hasa ndugu zetu walio ng'ambo, wanaonunua kwa picha za simu.

Udongo mweusi wa nyanda hizo hupasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Msingi wa nyumba utakula pesa, na gari litalala njiani.

Ndovu nao. Ukiondoa Tsavo, hakuna eneo la Kenya lenye ndovu wengi kama Laikipia na Samburu, na usiku mmoja unawatosha kumaliza ekari ya mahindi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia, lakini mimi nisingeiweka kwenye bajeti. Uliza ua wa umeme umepita wapi na nani anautengeneza ukikatika.

Usalama hutofautiana kijiji kwa kijiji. Septemba 2021 nyumba zilichomwa Ol Moran na familia zikakimbia, huku mitaa ya Nanyuki ikiendelea na biashara. Habari hizi utazipata kwa chifu na wazee. Zahanati, barabara za mashinani na afisa wa mifugo ni kazi ya kaunti. Waulize wenyeji chanjo ya mifugo ilifanywa lini mara ya mwisho.

Yote hayo yakikupendeza, bado usinunue. Kodi chumba kwenye senta iliyo karibu kuanzia Januari, chota maji wanakochota wenzako, kodi ekari moja uipande mvua ndefu zikianza. Baada ya mavuno, ukiwa bado una hamu, mpigie dalali simu.